Samli Kichwani kwa Zipora

Zipora wa kijijini kwetu Samuye hakuwahi kunyamaza tangu tumfahamu. Hata kanisani, mchungaji akiwa bado katikati ya sala, yeye keshaitikia amina. Kwa hiyo alipoanza kuanguka ghafla na kutetemeka, povu mdomoni, kila akizinduka alikuwa na la kusema: Apolonia amemroga. Apolonia, jirani aliyemsuka miaka yote! Eti nywele zilizobaki kwenye kitana alizipeleka kwa mganga. Upuuzi ule uliniudhi sana. Watu wakauamini, Apolonia akakosa wa kumsuka, hata wa kumsalimia kisimani.

Ndipo zahanati ikatangaza kuwa anakuja mtaalamu na mashine ya kubebeka, inayopima umeme wa ubongo. Zipora akafurahi: sasa mchawi ataonekana! Na kwa kuwa kichwa chake kinapata mgeni, akaenda mpaka Shinyanga mjini kusukwa upya, vimisuko vyembamba, kisha akakipaka samli kikang'aa.

Theonest, yule mtaalamu, alitoa mashine yake mkobani akabandika waya wa kwanza. Ukateleza. Wa pili ukaishia sikioni.

"Mama, kichwa hiki umekikaanga?" akauliza. "Fumua, uoshe kwa sabuni. Mchana huu huu naondoka kwenda Kahama."

Tukajaribu kumfumua, tukawa tunakaza mafundo tu. Sote tulijua vidole vya nani vinahitajika. Zipora naye alijua. Akatazama chini, akasema, "Basi mwiteni."

Apolonia alikuja. Hakumsalimia mtu. Alifumua kichwa chote huku Zipora akikodolea macho kila unywele uliodondoka, kisha akakiosha mwenyewe.

Safari hii nyaya zilishika. Mistari ikatambaa kwenye skrini, mara ikaanza kuruka ovyo.

"Umemwona?" Zipora akauliza.

"Nimeona taya zako, mama. Ukiongea, mashine inachora mdomo. Nyamaza."

Akanyamaza. Tulitazamana, maana hatukutegemea kuishi hadi tuione siku hiyo. Na katika ukimya ule mistari ikatoa ncha kali, tena na tena. Tabibu wa zahanati akaitazama pamoja na Theonest, wakanong'onezana.

"Ni kifafa, mama," tabibu akasema. "Ni ugonjwa wa ubongo, na una dawa. Utaanza vidonge leo."

"Na aliyenitupia?"

"Hakuna aliyekutupia."

Zipora alikaa kimya, safari hii bila kuambiwa. Kisha akamgeukia Apolonia, machozi yakimtoka. "Mama Blessing, nimekuchafulia jina bure. Nisamehe."

Apolonia aliomba kitana, akaketi kwenye benchi mbele ya wagonjwa wote, akamkalisha Zipora chini kati ya magoti yake. Akaanza kusuka, akivuta kwa nguvu.

"Unaniumiza!"

"Najua, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tulia."

Zipora akatulia.