Barafu Isiyo na Moyo

Yule muuza mapazia hakuwahi kushindwa na mteja. Mtu akija kutafuta pazia la dirisha, huondoka na la dirisha, la mlango, na fimbo zake za kutundikia, huku akiamini kwamba yeye ndiye aliyembana muuzaji. Lakini wiki ile ya joto, mabati ya mtaa mzima yakilia ka, ka, ka kwa kutanuka, alipata mteja mgumu kuliko wote: baba yake mzazi. Bidhaa yenyewe ilikuwa glasi ya kinywaji, tena ya bure, na mzee haitaki.

Mzee alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mitano katika kiwanda cha barafu. Mtaani humwita Mzee Baridi hadi leo, ingawa kiwanda kilishafungwa na yeye siku hizi hushinda barazani kwenye kiti cha kulalia, macho nusu wazi, akielea kati ya usingizi na kuamka. Kiu haisikii. Kwa siku humeza kikombe kimoja, tena kwa kuvutana.

Jumanne nesi alikuja, akaifinya ngozi ya mkono wake, nayo ikachelewa kurudi.

"Nampa mpaka Ijumaa," alimwambia binti yake, yule muuza mapazia, pembeni. "Asipoanza kunywa vizuri, anakwenda wodini kutundikiwa dripu."

"Siendi," mzee alisema bila kufumbua macho. "Mama yako alikwenda kule kwa miguu yake, akarudi amebebwa."

Binti akaingia jikoni. Alitwanga tangawizi, akakamua ndimu, akachemsha maganda ya nanasi, akachuja kila kitu kwa kipande cha shashi kilichobaki dukani. Kikapoa, akatia barafu. Glasi ilikuwa inatoka jasho kabla haijafika barazani.

Mzee aliiinua kwenye mwanga, akaichunguza kama hakimu.

"Barafu hii ina moyo."

"Ina nini, baba?"

"Huo weupe wa katikati. Ni hewa, imefungiwa humo. Sisi barafu kama hii tuliivunja tukairudisha majini. Kumpa mtu ilikuwa aibu."

"Basi niitoe, unywe hivyohivyo."

"Kinywaji cha moto kwenye joto hili? Kanywe wewe."

Hapo ndipo mzee alipokosea. Mteja akikwambia kwa nini hataki, ameshakuonyesha anachotaka.

"Nikikuletea isiyo na moyo, utakunywa?"

"Niletee barafu ninayoweza kusoma gazeti kupitia ndani yake, nitamaliza jagi zima." Alisema kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba hatadaiwa.

Jumatano binti alichemsha maji mara mbili, akagandisha. Moyo. Akachuja, akachemsha tena. Moyo ulipungua, lakini ulikuwepo. Mzee alirudisha glasi. Kufika Alhamisi midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka.

Adhuhuri hiyo mtaa ulinyamaza kabisa. Joto lilijaa barazani kama maji yaliyotuama, na pazia la mlangoni lilivimba na kunywea taratibu pasipo upepo wowote wa kuonekana, kana kwamba nyumba yenyewe imesinzia. Ndipo mzee akaanza kusema usingizini, kwa sauti ya kijana.

"Wekeni magunia pembeni. Bonge linaganda upande huo."

Mtu mwingine angemwamsha, au angelia. Binti alisogeza kigoda, akaikaza sauti yake. "Baridi iingie wapi, fundi?"

"Juu. Juu peke yake. Pembeni funga, chini funga. Hewa itasukumwa chini, itakosa pa kwenda."

"Ikishafika chini?"

"Unakata, unatupa." Akakunja uso, macho bado yamefumba. "Wewe mgeni hapa?"

"Nimeanza leo, fundi."

"Vaa buti. Sakafu ina baridi."

Mzee alikunja vidole vya miguu akatabasamu, na binti, katikati ya joto lile, akahisi ubaridi ukimpanda kutoka kwenye nyayo mpaka magotini. Alibaki pale kwa muda, akiusikiliza. Kisha akaenda kutafuta boksi.

Alilipata kwa muuza samaki: jeupe, jepesi, lenye kuta nene zisizopitisha baridi. Alilisugua kwa ndimu mpaka likasahau samaki, akalijaza maji, akaliingiza kwenye friza bila kifuniko. Ijumaa asubuhi alitoa bonge, akakata kwa kisu cha meno ile sehemu ya chini yenye ukungu, akaitupa. Kilichobaki alikiona kwa kukigusa tu.

Mzee alikipokea, akakiweka juu ya gazeti.

"Bei ya saruji yapanda," alisoma taratibu. Akakigeuza. Akasoma tena. "Nani kakufundisha?"

"Fundi mmoja. Aliniambia nivae buti."

Mzee alitazama miguu yake mwenyewe, akakunja vidole. Kisha akaunyoosha mkono kwenye glasi, akanywa, akajaziwa, akanywa. Nesi alipofika alikuta jagi limebaki maganda ya ndimu. Akafinya ngozi, akasubiri, akaandika kitu.

"Huyu anabaki nyumbani. Lakini iwe hivi kila siku."

Alipokwisha kutoka, mzee aligonga glasi tupu kwa ukucha.

"Kesho kuna nini?"

"Tikitimaji na mnanaa."

"Sukari uipunguze. Na barafu?"

"Tulipatana jagi moja, baba, na umeshalimaliza. Barafu hii inakula siku nzima. Kuanzia kesho ni majagi mawili."

"Moja na nusu," mzee alisema, akamsogezea glasi.