Neno Nisilolijua Juu ya Shanghai

Binti yangu wa mwisho alikwenda China kusoma, akamaliza, akapata kazi, akaolewa hukohuko Shanghai. Mjukuu wangu nilimjua kwa picha za simu mpaka alipofikisha miaka minne. Mwaka jana wakanitumia tiketi. Niliacha ng'ombe kwa shemeji yangu hapa kijijini Bashay, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka sitini na tatu.

Nilikaa wiki tatu. Binti na mkwe wangu walitoka asubuhi na mapema, wakampitisha mtoto shuleni, wakarudi jioni wamechoka. Mchana kutwa nilikuwa peke yangu ghorofa ya kumi na tisa, nikitazama watu wa jengo la pili wakianika nguo. Siku moja mtangazaji wa televisheni aliinamisha kichwa, nami nikamwitikia. Nilipogundua nilichofanya nikaizima.

Mjukuu wangu alizungumza Kichina tu. Jioni alikuwa akinichungulia kutoka nyuma ya kiti, nikimwita anakimbia.

Jumapili ya mwisho binti yangu akasema, "Mama, huwezi kurudi nyumbani hujapanda lile jengo refu. Kila anayekuja hapa anapanda." Mkwe wangu alikuwa kazini, kwa hiyo tulikwenda watatu. Lifti ilipaa kwa kasi mpaka masikio yakaziba. Hapo mjukuu wangu akanishika kidole, bila kuambiwa na mtu. Nilisimama wima, naogopa hata kukohoa asije akakiachia.

Juu kabisa kuna kioo kuanzia sakafuni hadi darini. Chini niliona mto na meli zilizobeba mchanga. Yale majengo niliyokuwa nikiyatazama kwa kuinua shingo, sasa nilikuwa naona mapaa yake. Simu ya binti yangu ikaita.

"Ni bosi wangu, mama. Dakika mbili tu." Akasogea pembeni, akatugeuzia mgongo.

Tukabaki wawili. Mtoto akabandika uso kwenye kioo, kisha akanigeukia.

"Shuu-shuu," akasema.

Nikadhani anaiga upepo. "Ndiyo, upepo," nikamjibu kwa Kiiraqw, maana kwake lugha zangu zote zilikuwa sawa. "Kwetu pia unavuma."

"Shuu-shuu!" Akanivuta gauni. Nikafurahi kwamba hatimaye tunaongea. Nikapuliza na mimi, shuuu, nikapunga mikono kama miti. Akaanza kulia.

Nikamwita binti yangu. Aliinua kiganja bila kugeuka, kwamba nisubiri. Nikaita tena. Watu wakatutazama. Nilipoinama kumbembeleza nikaona maji yamezunguka viatu vyake.

Mama mmoja wa Kichina, mtu mzima kama mimi, akaja na karatasi laini, akapiga magoti akafuta sakafu. Aliniambia maneno mengi, kwa upole. Nikasema asante, asante. Nikavua khanga niliyojitanda, nikamvua mtoto suruali, nikamfunga nayo kiunoni. Aliniachia nimfunge, lakini uso aliugeuzia upande wa mama yake.

Binti yangu aliporudi alisema, "Mama, kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita."

Akaitia simu mkobani.

"Hiyo shuu-shuu ni nini?" nikamuuliza.

"Ni mkojo, mama. Watoto wote wa hapa wanasema hivyo."

Akakaa sakafuni na nguo zake nzuri, akalia. "Ningekuwa nimemfundisha Kiswahili," alisema. "Kila siku nasema nitaanza kesho." Nikamwambia haidhuru. Ilikuwa inadhuru, lakini sikuwa na kingine cha kumpa, na keshokutwa yake nilikuwa nasafiri.

Siku hizi ananipigia kila Jumapili baada ya ibada, simu ya kuonana. Amemfundisha mtoto kidogo. Mtoto anasema, "Shikamoo, bibi," kwa sauti ya kughani kama shuleni. Naitikia, "Marahaba, mjukuu wangu, hujambo?" Hapo anamwangalia mama yake kujua kinachofuata, halafu anaitupa simu kitandani anakwenda kucheza. Binti yangu huwa amesharudi jikoni, nasikia vyombo. Mimi natazama dari yao, nyeupe, yenye taa ya duara, mpaka mmoja wao akumbuke kwamba bado nipo.