Mashine Inayotaka Mkono wa Tatu

Jumanne nilimpeleka mjomba, askari mstaafu aliyepooza upande wa kushoto, hospitalini Jinja kujaribu mashine mpya ya mazoezi.

"Inua mkono," mashine ikaamuru. Mjomba akainua wa kulia, upesi, kama yuko kwenye gwaride. Mashine ikampigia makofi.

"Iambie isome wa kushoto. Bonyeza hapo tu, dada," fundi aliyeitengeneza akamwelekeza mtaalamu wa mazoezi aliyekuwa amemshika mjomba.

"Mikono yangu yote imemshika afande. Nikibonyeza, anaanguka."

"Basi nimshike mimi."

"Na kesho ukirudi Mbale?"

Fundi akatazama kitufe, kisha mikono yake mwenyewe.

"Bwana, niinue tena?" mjomba akauliza.

 Tulirudi nyumbani Walukuba na karatasi ya mashine inayosema mkono unaendelea vizuri. Haisemi upi.