Nani Atasimama kwa Deni Langu

Nilipomaliza shahada ya ualimu, nilikaa miezi kadhaa nikiuza vipuri vya pikipiki katika duka la mjomba wangu, kaka yake mama, hapa Gisenyi karibu na mpaka. Nilikuwa nimesomea kufundisha Kiswahili kwa mkopo wa serikali. Makato yalikuwa hayajaanza kwa sababu sikuwa na mshahara wa kukatwa. Wamotari, waendesha pikipiki za abiria, waliokuja kununua plagi na cheni walilijua hilo na walikuwa na utani wao.

"Mwalimu, sha," mmoja alipenda kuniuliza, "ile deni yote ni ya kusomea Kiswahili? Hii tunaongeaka bure? Ungekuja kwangu. Ungenilipa soda tu."

Nilicheka pamoja nao. Lakini neno la mzaha hulala kwangu kama mgeni aliyekosa gari, na asubuhi bado lipo.

Jumatatu moja uliingia ujumbe kwenye simu: nimepangiwa shule ya sekondari kule juu Mudende, nithibitishe kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mtu wa kawaida angeshukuru kwanza. Mimi nilianza na hesabu. Mshahara wa mwalimu, toa makato ya mkopo, toa kodi ya chumba, toa chakula, toa nauli ya kushuka kumwona mama. Kilichobaki kilikuwa kidogo hata nikarudia, nikidhani nimetoa kodi mara mbili. Upande wa pili, mjomba alitaka kufungua duka lingine Rubona na alikuwa ameniahidi nusu ya faida nikilisimamia. Kwa duka hilo ningemaliza deni kabla ya kuoa. Kwa chaki, watoto wangu ambao hawajazaliwa wangeanza shule nami bado nakatwa. Na je, nikiugua kabla? Je, nikifa?

Nilikuwa nimefika hapo kwenye mawazo yangu Jumatano, alipozikwa fundi wa nguo aliyeshiriki baraza moja na mama yangu. Mama anashona nguo za kike tu. Suruali zangu zote za shule zilitoka kwenye mashine ya mzee huyo. Kila mwaka nilipozidi kurefuka aliteremsha pindo, akaninyooshea suruali na kusema, "Haya, kimbia, kengele imelia." Hakuwahi kumwambia mama bei.

Uani mwa msikiti, kabla ya kumswalia, mwanawe mkubwa alisimama mbele ya jeneza kama ilivyo desturi yetu.

"Kama kuna mutu anamudai baba yetu, asijifiche," alisema. "Aje kwetu. Deni yake sasa iko yetu."

Muuza nyuzi aliinua mkono. "Nilikuwa namudai uzi. Nimesamehe."

"Na mi niliacha kitambaa yangu kwake," akasema mwingine, "hakuikata bado."

"Kitambaa iko," mwana akajibu. "Nitaishona mi mwenyewe."

Ikawa imekwisha, wakapanga safu. Nilipaswa kumwombea marehemu. Badala yake niliiwaza siku yangu mwenyewe. Ofisi ya mikopo ingemtuma mtu kutoka Kigali aje ainue mkono? Angevua viatu? Na ofisi husamehe? Nani katika ukoo wetu angesikia kiasi kile na bado aseme deni ni letu? Kisha nikaona jambo jingine. Waliulizwa wanaomdai mzee tu. Wangeulizwa pia wale anaowadai yeye, ningeinua mkono pamoja na nusu ya safu.

Kesho yake, tukifungua duka, nilimuuliza mjomba. "Nikifa na huu mkopo, nani atasimama?"

Aliacha kufuli likining'inia. "We unaumwa?"

"Hapana, mjomba."

"Donc unataka kufa?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Bon. Mutu mwenye anauliza tu, aingize hizi tairi ndani."

Niliingiza tairi. Alipanga plagi kwenye kioo, akazipangua, akazipanga tena, na nilijua kwamba swali limemwingia. Mwishowe alisema bila kunitazama, "Mi nitasimama. Kama mi nimetangulia, watoto yangu watasimama. Hiyo haiulizwaki."

Badala ya kusema asante, nikaanza kuzipanga tairi upya. Akadhani bado nina hesabu.

"Na duka ya Rubona usiifikirie," akaendelea. "Jana mutu alikuja kununua cheni, ukamuambia itakatika kwa mulima. Aliondoka na franga zake. Wasiwasi yako itanifilisi."

Mama alikuja saa sita na chakula, viazi na maharage. Mjomba alimsimulia yote kabla hajaketi. Mama alinitazama kama anayetafuta mshono uliofumuka.

"Siku unasaini ule mukopo, nani alikuwa pembeni yako?"

"Wewe, mama."

"Na nilitia mukono wapi?"

"Penye mdhamini."

"Ulifikiri nilikuja kuangalia kalamu?"

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikula nikiwa nimeinamia sahani. Tangu Jumatatu nilikuwa nimeubeba mkopo ule kama mzigo wa mtu mmoja, na kumbe walikuwa wameushika upande wa pili tangu siku ya kwanza, kimya, bila hata kuniambia unawaumiza mikono. Hesabu ya Mudende haikubadilika. Kilichobaki baada ya makato kilikuwa kilekile kidogo. Ila ile hofu iliyokuwa ikikaa juu yake, ya kuachwa na deni peke yangu, haikuwa tena sehemu ya hesabu, na bila hiyo niliweza kukiri kitu rahisi: nilitaka kufundisha. Nilikuwa nimekitaka tangu mwanzo.

Nilitoa simu nithibitishe. Ukurasa ukazunguka, ukagoma.

"Toka inje," mjomba akasema. "Hapo ndani unashika mutandao ya Kongo."

Nilisimama kando ya barabara, simu juu kama mtu anayepima mvua, nikabonyeza. Nilisoma jibu mara tatu, kwa kuwa ni mimi, nikihofia ni shule nyingine. Ilikuwa ileile.

"Imeingia?" akauliza mama.

"Imeingia."

Mjomba akanyoosha kiganja. "Leta funguo ya duka."

Niliutoa ufunguo kwenye pete nikampa. Akautia mfukoni, akaingia nyuma, akarudi na blanketi lake zito la safari, lile ambalo hakuwahi kumwazima mtu.

"Mudende iko baridi," akasema. "Na hii usiihesabu."