Mto Ambao Sikuuvuka

Binti wa kaka yangu alikuja kwangu Masasi likizo iliyopita akiwa na simu na malalamiko. Kuna gemu moja, alisema, ambayo vijana wa dunia nzima waliingoja kwa miaka. Picha zake zilionyeshwa mapema, watu wakaapa kwamba haijawahi kutokea kama hiyo. Sasa imetoka, na wenye kazi ya kuzikagua gemu wameiponda wote, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameketi barazani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, simu ameiegemeza kwenye sufuria. "Shangazi," akaniuliza, "kwa nini kitu kinachosifiwa hivi kikifika kinakuwa hovyo?"

Nilimwambia sijui. Nilikuwa nadanganya, na si mara ya kwanza kudanganya juu ya jambo hilo.

Wewe uliyekulia upande wetu utaikumbuka miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kijijini kwetu Chilangala ruksa hiyo tuliijua kwa harufu kwanza. Sabuni moja ya mche tuliyoizoea ikageuka sabuni za rangi nne, kila moja na marashi yake. Marobota ya mitumba yakafunguliwa chini ya mikorosho, nasi tukavaa makoti ya watoto wa Ulaya asubuhi za kipupwe, ukungu ukiwa umelala uwandani hata mbuzi humwoni. Wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kuja na malori yao, na ghala la ushirika, ambalo lilikuwa kama baba wa kijiji, likaanza kuonekana limezeeka.

Bibi yangu hakuyapapatikia hayo. Yeye na korosho zake. Alizianika, akazichambua kwenye mkeka, akaninong'oneza kila mara niguse, nitikise, nisikilize kama kokwa inacheza ndani ya ganda. Siku moja nilimsindikiza ghalani. Karani akachota kiganja kimoja juu ya gunia, akazipasua korosho kwa kisu, akakuta tatu zimeingia unyevu. Usiku uliotangulia kulikuwa na manyunyu, na za juu ndizo zilizolowa. Akaandika daraja la pili kwa gunia zima, bila kuinua macho. Bibi hakubishana. Njiani, gunia likiwa limebaki huko, alisema neno moja ambalo alilirudia maisha yake yote: kiganja hakijui kilicho chini ya gunia. Nililishika neno hilo. Lakini, Mungu anisamehe, kilichonivutia zaidi siku ile ni kile kisu cha karani, na jinsi watu wazima walivyonyamaza alipoandika.

Jirani yetu alikuwa fundi redio. Mkewe alifariki, akabaki na binti mmoja wa umri wangu, Somoe, ambaye ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Watu walimwita Baba Somoe. Baada ya msimu wa korosho alisafiri hadi Dar es Salaam, akarudi na televisheni ndogo na mashine ya gemu, kitu ambacho wengi wetu hatukuwa na jina lake. Jenereta alilolinunua lilifuata nyuma kwa lori, lakini masika yakakata barabara, likakwama ng'ambo ya Rufiji.

Hapo ndipo ulipoanza ubaya, ingawa tuliuona kama raha. Mashine ilikaa miezi kwenye sanduku lake, sisi tunaishi kwa kutazama ganda la kaseti iliyobeba mchezo wenyewe. Lilichorwa mtu mwenye kilemba chekundu anaruka juu ya mto unaowaka moto, nyuma yake mji wa dhahabu, angani ndege wenye meno. Jirani alituruhusu tuishike mmoja mmoja, mikono ikiwa imenawishwa. Tukaanza kusimuliana gemu ambayo hatujaiona. Mmoja alisema ndege wale wanazungumza. Mwingine alisema ukiufikia mji, mashine inakuita kwa jina lako. Jirani alitangaza kwamba atafungua chumba cha gemu, na malipo ya zamu moja yatakuwa kopo la korosho, basi watoto wa Chilangala tukaokota zile zilizosahaulika mashambani, tukazificha kwenye vibuyu kama panya, tukingoja.

Somoe peke yake alikuwa ameiona. Baba yake aliijaribu mashine mara moja kwa betri ya gari kabla haijaisha nguvu. Aliniambia tukiwa tunashuka bondeni kuteka maji, ile safari ndefu ya mteremko unaokufanya uongee ili usahau magoti. Mto upo, alisema, lakini hauwaki moto. Ng'ambo yake kuna mji, nao si wa dhahabu. Ni nyumba nne tu, na nyumba ya mwisho ina bendera. Kisha akaniambia jambo la pili kwa sauti ya chini. Baba yake alikuwa ameitwa na wenzake Tunduru kuchimba mawe ya vito. Alikuwa amemwahidi binti yake kwamba chumba cha gemu kikisimama mpaka korosho zianze kudondoka tena, haendi. Kisiposimama, yeye atakwenda Tunduru, na Somoe atapelekwa kwa mjomba wake Lisekese, upande wa Masasi.

Nilielewa vizuri. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Jenereta lilifika kipupwe. Siku ya ufunguzi, baada ya swala ya alasiri, lilinguruma hata kuku wa Bibi wakahamia nyumba za wengine. Chumba kilijaa mpaka dirishani. Tulikaa sakafuni tumebanana, tunanuka moshi na marashi ya sabuni mpya. Kioo kikawaka, kijivu na cheupe, na yule mtu wa kilemba akatokea, mdogo kama kunguni. Hapakuwa na ndege. Palikuwa na njia, vichaka viwili na mto. Sheria ilikuwa ukifa unampisha mwenzako, na sote tulikufa mtoni. Jirani alisimama nyuma akitufundisha bila kuchoka: kitufe cha pedi, kile kidude cha kuchezea mkononi, ni kizito, kibonyeze kabla ya kufika ukingoni, hapo utaruka. Tuliona anatetea mali yake. Tukabonyeza tulipotaka, tukazama.

Nilikwenda siku tisa. Kibuyu changu kikaisha. Siku ya tisa nilipozama, watoto walicheka, na Somoe, kwa wema tu, akasema anaweza kunishikia pedi anionyeshe. Nilimsukumia mkono wake. Hakuna kitu kinachouma kama kusaidiwa na mtu ambaye ameshaona kile unachokitaka wewe.

Shuleni tulikuwa na gazeti la ukutani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alilianzisha kwa karatasi za kalenda, upande mweupe, zikabandikwa kwa ugali kando ya ofisi. Mimi nilikuwa mwandishi wa habari za kijiji. Nilikuwa nimeandika juu ya kisima kilichoporomoka na mbuzi aliyezaa watatu, na watu wazima walikuja kusoma. Mwalimu alikuwa na kanuni yake: ulichokiona kiandike, usichokiona kiulize. Wiki ile niliandika juu ya gemu.

Nilieleza ganda la kaseti kwa usahihi, na vitu vilivyochorwa lakini havimo. Hayo yalikuwa kweli, na ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kusema. Nikaongeza: "Baada ya mto hakuna mji. Hakuna kitu. Mchezo unaishia hapo, na wanaosema wameuona mji wanasema uongo." Chini nikaandika, kama karani: "Daraja la pili."

Mwalimu aliisoma, akaniuliza kama nimeucheza wote. Nikasema wote. Akabandika.

Neno lilikimbia kuliko nilivyodhani. Watoto wakalifanya wimbo wa kumpokelea jirani kila alipopita na madumu yake ya maji. "Daraja la pili huyo," walisema, wakakimbia. Wamakua waliokuwa na utani naye wakamuuliza kama mji wake umezama pamoja na wateja. Wazazi waliokuwa wamechoshwa na kuibiwa korosho zao uani kwa ajili ya kulipia zamu walipata sababu, wakawakataza watoto. Katika muda mfupi chumba kilikuwa na watoto wanne, kisha wawili, kisha Somoe peke yake, ameketi mbele ya kioo kisichowashwa.

Bibi alisikia. Alikuwa anachambua kunde. Aliniuliza bila kuniangalia, "Ulifika chini ya gunia?"

"Nilifika, Bibi."

Akaendelea na kunde zake. Nadhani alijua.

Jirani alinisubiri njiani siku moja nikitoka shule. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote, na hilo liliniogopesha kuliko angenigombeza. Alikuwa na grisi vidoleni. "Karani," akaniita, kwa utani, "ule mto uliuvuka?"

Nilitazama miguu yangu.

"Sikulaumu," alisema. "Mchoraji wa ganda amenidanganya hata mimi. Na mimi nimewasifia mno, nimewangojesha mno. Mtoto akingoja miezi, hata ungempa mji wa kweli angeuona mdogo. Lakini mji upo. Njoo kesho kabla sijafungua. Hutatoa kitu. Utacheza mpaka uvuke, kisha uandike tena ulichokiona. Kikiwa kibaya, andika kibaya. Wanakusoma wewe."

Nikasema nitakuja.

Kesho yake nililisikia jenereta likiwashwa mapema, kabla ya saa yake. Nilikuwa nyuma ya choo chetu, nimechuchumaa kama mgonjwa. Lilinguruma kwa muda mrefu likila mafuta yake kwa ajili yangu. Sikwenda. Si kwamba sikuamini. Niliamini, na ndiyo maana sikwenda. Ningevuka, ningeuona mji, ningelazimika kusimama mbele ya mwalimu na kusema sikuwa nimeucheza wote. Mwandishi wa gazeti la ukutani angegeuka mtoto kama watoto wengine. Kati ya hilo na baba wa rafiki yangu kuondoka, nilipima, nikachagua. Jenereta likazimwa. Kimya kilichofuata nakisikia hata sasa ninapoandika.

Mikorosho ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua walipoondoka. Jirani alitangulia kwa lori la wanunuzi, akielekea Tunduru. Mjomba wa Somoe alikuja kumchukua binti kwa baiskeli, akamfungia sanduku lake la bati nyuma. Nilikwenda kuagana kwa sababu Bibi alinisukuma mgongoni. Somoe hakulia, wala hakunitukana. Alikuwa anajua kuhusu ile asubuhi ya jenereta. Alikuwa ameketi na baba yake wakiningoja. Alipopanda aliniambia maneno mawili tu.

"Mji upo."

Jirani alioa hukohuko Tunduru, akabaki. Alikuja Chilangala kwa misiba, akanisalimia vizuri kila mara, akaniita Karani. Bibi tumemzika chini ya mikorosho yake. Chumba cha gemu sasa ni duka la kutuma pesa kwa simu, na ukutani mwa shule pamepakwa rangi ya mafuta ambayo ugali hauwezi kushika. Hata ule ukungu, sijui ni mimi au ni kweli, hauji mzito kama zamani.

Nimejaribu kugawa lawama, kama mtu mwenye kazi ya kupanga habari. Mchoraji wa ganda ana sehemu yake. Masika yaliyolishikilia jenereta Rufiji yana yao, maana katika kungoja tulijenga gemu nyingine vichwani, na hiyo ndiyo iliyoishinda ile ya jirani. Kitufe kizito, mafuta ghali, wazazi wenye korosho zao. Huenda chumba kingekufa hata bila mimi. Lakini kila ninapomaliza kugawa, kinabaki kiasi kile kile, na hakina mwingine wa kukichukua. Nimeandika habari za watu kwa miaka mingi tangu hapo. Kabla ya kila hukumu najiuliza kama nimevuka mto, na wenzangu husifu uangalifu wangu. Hawajui nilivyoupata.

Hayo yote sikumwambia binti wa kaka yangu kwa pamoja. Nilimwambia tu kwamba palikuwa na gemu ya mtu mwenye kilemba. Akacheka, akasema gemu zile za kizee zote zimo kwenye simu siku hizi. Alitafuta kwa muda mfupi kuliko kumenya kipande cha ming'oko. Kilemba kilikuwa chekundu kweli. Njia, vichaka viwili, mto.

"Bonyeza kabla ya ukingo," nikamwambia.

Alivuka mara ya kwanza.

Nilivaa miwani. Palikuwa na nyumba nne, miraba tu ya rangi ya udongo, mbayambaya, kama zilizochorwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Juu ya nyumba ya mwisho bendera ndogo ilikuwa inapepea, ikirudi, ikipepea. Kilemba kikasimama chini yake.

Binti alingoja kidogo aone kama kuna kingine. Kisha akanigeukia, uso umemshuka, uso ule ule wa wakaguzi wake. "Shangazi, ndiyo huu tu?"

Kutoka barazani kwangu hadi Lisekese, ambako Somoe anaishi mpaka leo, ni mwendo wa pikipiki usiozidi kuchemka kwa chungu cha ming'oko. Miaka yote hii sijawahi kuifunga safari hiyo.

"Ndiyo huu," nilisema. "Upo."

Nikaingia ndani kutafuta viatu.