Wanataka Kusoma Halbadiri Nyumbani Kwangu, na Mwenye Kosa Ni Mimi

Mwenye ukurasa, assalaam alaykum. Jina langu nifichie, na ghala ninalofanya kazi usilitaje, maana huku Changamwe watu wanajuana hata kwa kikohozi.

Mimi ni mwanamume wa miaka arubaini na sita, mzaliwa wa Likoni, nina mke na watoto wanne. Nimesoma chuo cha Kurani na madarasa machache ya skuli. Ni nyapara wa makuli. Genge langu lote lilikuwa watu wa pwani, akiwemo Athumani, kaka wa mke wangu. Nawaandikia wasomaji wenzangu nikiwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe.

Desturi yetu, Ijumaa ikiadhiniwa adhuhuri tulikuwa tunatua magunia, tunakwenda kuswali, na kazi ni mpaka kesho yake. Mzungu wetu, mkubwa wa ghala, alinung'unika kila wiki. Kwa akili yangu nikaona nimpoze. Nikachukua watu wa bara waliokuwa wakingoja kibarua langoni, wawe wanashika saa zile za Ijumaa tu. Mmoja wao, Odhiambo, ni mpangaji wangu, amekodi chumba cha uani. Nilidhani nimefanya la kheri, swala haikatiki na mzungu hanuni.

Siku moja mzungu akaniita ofisini, akaniuliza hawa wa Ijumaa wakipewa kazi ya wiki nzima watakubali ujira gani. Wallahi ningeweza kusema sawa na wenzao. Lakini maneno yalikuwa yanapita kwamba anatafuta nyapara mwingine, nami nikaogopa. Nikamjibu, "Hata nusu watachukua, bwana." Mwisho wa mwezi wengi katika watu wangu, Athumani mmoja wao, wakaambiwa kazi hakuna, na nafasi zao wakapewa wale wa Ijumaa. Waliobaki wakashushiwa ujira wakawa sawa na wageni, na asiyetaka akaonyeshwa lango.

Athumani akaja kwangu kuuliza ni nani aliyeuza jasho la watu kwa nusu. Mke wangu amesimama pale pale na birika mkononi. Nikasema nasikia ni Odhiambo ndiye aliyejipeleka.

Tangu siku ile kijana wa watu hajibiwi salamu. Muuza mbaazi humwambia zimekwisha na sufuria imejaa. Athumani, ambaye watoto wake sasa wanakula kwangu, akipita uani humrushia maneno: "Tafuna samaki vizuri, yakhe, meno yenyewe unayo ya kuazima." Odhiambo hucheka, anadhani ni utani wa watu wa pwani, hajui anaambiwa anakula kazi ya watu.

Sasa kuna wazee waliosema tusimwonee mtu wa watu kwa kusikia tu, na isomwe Halbadiri, dua ya kumwapiza mdhalimu, Mungu ndiye amjuaye aliyewadhulumu. Sisi tuliokulia huku tunajua maana yake. Mimi nimemwona kwa macho yangu mtu aliyesomewa akavimba tumbo, hakumaliza mwezi. Juzi Athumani akanijia na sura ya heshima kabisa. "Shemegi," akasema, "wewe ndiwe mkubwa wetu, na genge lililovunjwa ni lako. Kisomo kitakuwa kwako. Utakaa karibu na sheikh, na sisi tutaitikia amin baada yako." Nikaitika kwa kichwa.

Nikamfuata Odhiambo chumbani kwake nimshawishi ahamie Port Reitz, nikamweleza kuwa watu wana hasira naye kwa kuwa amekubali nusu ya ujira wao. Akaniuliza, "Kwani wao walikuwa wanapata mara mbili yangu?" Hakujua. Akaniambia taratibu, bila ugomvi, "Mzee, mimi sikutaja bei. Bei uliniambia wewe." Kisha akasema hahami, na siku ya kisomo atakuja kukaa mkekani pamoja nasi, kwa sababu hana anachokiogopa.

Nilivuka Likoni kwa maalim mmoja, nikamuuliza kama jambo la mtu mwingine, je, mkosa akitubu kabla ya kisomo huepuka? Akanijibu kwamba haki ya mja Mungu haisamehe mpaka mja mwenyewe asamehe.

Nikiitikia amin najiapiza mwenyewe, na watoto wangu sijui kama watasalimika. Nisipoitikia, Athumani atakuwa ubavuni mwangu ananitazama mdomo. Nikisema kweli, wale waliokosa kazi ni vijana wenye nguvu, na mke wangu nitamwambia nini kuhusu kaka yake?

Kisomo kimewekwa mwezi ukiandama. Mke wangu ameshaanza kuchagua mchele wa sadaka. Jana aliniwekea mkono kwenye paji la uso akauliza kama nina homa. Enyi mnaosoma haya, wenye akili na wenye dini, nipeni shauri upesi. Najua lazima niseme, ila nianze kwa nani, Athumani au Odhiambo?