Kiberiti Changu Chini ya Hadubini

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Muulize mtu yeyote wa umri wangu hapa Igurwa, tarehe hatakupa, lakini unga ule ataukumbuka. Mvua ilikataa, migomba ikatoa vindizi kama vidole vya mtoto, na sisi tuliozoea ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage mchana na jioni tukajifunza kusonga ugali wa mahindi ya msaada. Ulikuwa wa njano kama kiini cha yai, na ulinuka gunia.

Nisingeyafukua haya kama si mjukuu wangu. Juzi alikaa karibu nami, daftari mkononi, anakariri sehemu za hadubini kwa ajili ya mtihani, akakwama.

"Hiki cha chini sijui kinaitwaje."

"Kioo," nikamwambia. "Kinakamata mwanga wa dirishani na kuurusha juu. Hilo bapa ni jukwaa, kinachotazamwa kinalala hapo, na vibanio viwili vinakishika kisihame. Andika, unanitazama nini?"

"Bibi! Si uliishia darasa la nne wewe? Umejulia wapi?"

"Nilichaguliwa."

Na kweli nilichaguliwa. Yaliyobaki nakuambia wewe unayesoma.

Bibi yangu aliyenilea alikuwa mwanamke wa kichwa juu. Ugali ule tuliupika mlango umefungwa, jirani asijue, moshi unatutoa machozi. Halafu alikwenda bondeni, kwenye shamba lenye maji ambalo migomba yake haikufa, akaomba maganda ya ndizi akisema ni ya mbuzi. Mbuzi waliyapata jioni. Tangu asubuhi yalikaa yamemwagwa kando ya njia, mbele ya nyumba yetu, wapita njia wayaone. "Ukiulizwa mmekula nini," alinifundisha, "sema ndizi."

Rafiki yangu alikuwa binti wa kibarua wa shamba hilo la bondeni, watu waliotoka Rwanda. Baba yake alilipwa mkungu, kwa hiyo wao, waliolala kwenye kibanda cha nyasi, ndio waliokula ndizi. Aliniletea moja ya kuchoma kila alipoweza. Nilikula, kisha nikafuta mdomo.

Basi mwalimu akatangaza kwamba bwana afya anakuja kupima minyoo. Kila mtoto alete kiberiti kitupu chenye choo chake. Wengine husema choo. Mimi nasema mavi, maana ndiyo yalikuwamo. Juu ya kiberiti tulifunga karatasi ya jina kwa uzi wa mgomba. Bwana afya akatoa hadubini kwenye sanduku la mbao, nyeusi, inang'aa, akatuambia, "Chombo hiki hakidanganywi. Kinaona kila kilichopita tumboni mwako."

Nilijua akiweka jicho pale ataona njano. Shule nzima itajua kwetu tunakula ugali wa msaada, na maganda yale ni ya kuomba. Tulipopanga viberiti kwenye benchi nilibaki nyuma. Nikafungua fundo la jina langu na la rafiki yangu, nikayafunga upya, lake kwenye kiberiti changu, langu kwenye chake. Mafundo mawili tu.

Bwana afya hakutafuta ugali wala ndizi. Alitafuta mayai ya minyoo, akayakuta kwenye kiberiti chenye jina la rafiki yangu.

"Mwalimu, waitu, tafadhali, hicho si changu!" alilia. "Changu nilikitandika jani bichi ndani. Vimebadilishwa!"

Mwalimu akanigeukia, maana tulikuja pamoja. "Wewe, umebadilisha?"

Nikasimama wima kama bibi yangu. "Hapana. Sikubadilisha kitu. Kwetu tunakula ndizi."

Watoto wakacheka. Yeye akanyweshwa dawa mbele yetu sote, wakampachika jina: Shamba la Minyoo. Mimi nikasifiwa kuwa mtoto wa nyumba safi, na zawadi yangu ikawa kufundishwa chombo. Bwana afya alinionyesha kukibeba, kiganja kimoja kimeshika mkono wa hadubini, kingine chini ya kitako, kama mtoto mchanga. Skrubu kubwa ya kuleta picha karibu, ndogo ya kuisafisha ukungu. Lenzi za chini za kukuza, zinazungushwa. Kisha akaniinamisha kwenye lenzi ya jicho, baridi kope zikigusa.

"Tazama mayai ya mwenzako," akasema.

Nikayatazama. Yalikuwa yangu.

Wiki chache baadaye, nyuma ya choo, minyoo yenyewe ilinitoka. Bibi akanisagia majani machungu ya mubirizi, akaniapisha nisimwambie mtu. Wakati wa kuvuna kahawa rafiki yangu hakuwepo tena darasani. Walisema wamehamia upande wa Kyerwa, Songambele. Nimefika Songambele mara mbili kwenye harusi, na mara zote mbili niliwatazama wanawake wa umri wangu kwa jicho la pembeni, nikiomba asiwemo.

Siku hizi hakuna mtoto anayebeba kiberiti kwenda shule. Shamba la bondeni ugonjwa wa mnyauko umelimaliza, wamepanda mahindi, na watu wanasonga ugali mchana, mlango wazi, jirani anakaribishwa. Ile aibu ya kwetu imekufa. Hii yangu inakula na kunenepa.

Mjukuu wangu nilimsimulia yote isipokuwa mafundo. Akang'ata penseli, halafu akaniuliza taratibu, kama anayejua, "Bibi, wewe ulibadilisha?"

Nilikuwa na miaka yote hii ya kujiandaa.

"Hapana. Sikubadilisha kitu. Kwetu tunakula ndizi."